Msumari, skrubu, doweli au tundu na ulimi: uchague kiungo gani kwa kazi za mbao za nyumbani

Kiti kinacholia ukiegemea mara nyingi hakina kosa kwenye mbao. Miguu ni mizima, vanishi bado inang'aa, ila pale mguu unapokutana na fremu ya kukalia pameanza kucheza. Mtu wa Buhongwa au Igoma, hapa Mwanza, anayetaka kujitengenezea stuli, rafu ya vitabu au kitanda cha mtoto huanza kwa kuulizia bei ya mbao na rangi ya kupaka. Hayo yana nafasi yake, lakini fanicha hufia kwenye viungo. Uamuzi wa kiungo unatakiwa ufanyike kabla msumeno haujagusa mbao, kwa sababu kiungo ndicho kinachosema vipande ukate kwa urefu gani. Fremu ya meza yenye sentimita 60 kati ya mguu na mguu, ukiiunga kwa doweli, vile vijiti vya mviringo vinavyojificha ndani ya mbao zote mbili, mbao unaikata sentimita 60 kamili. Ukitaka tundu na ulimi, ambapo ncha ya mbao moja huchongwa iingie kwenye tundu la nyingine, unahitaji sentimita 66, yaani sentimita 3 za ulimi kila upande. Aliyekata kwanza na kuwaza baadaye ameshafungiwa mlango mmoja.

Njia ninazozilinganisha hapa ni zile ambazo mtu mwenye zana chache anaweza kuzifanya kweli nyumbani: msumari, skrubu, skrubu ya mshazari, doweli, nusu kwa nusu, tundu na ulimi, na mkia wa njiwa. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kiungo kichaguliwe kwa kuangalia kinavutwa upande gani, na mbao itacheza vipi ikikauka. Urembo uje baada ya hapo.

Mbao kwanza

Mbao nyeupe nyingi unazokuta kwenye yadi za Mwanza ni paini. Nyingine zinatoka mbali, Mufindi huko. Nyingine zinatoka huku huku kwenye mashamba ya miti ya serikali, kama Buhindi upande wa Buchosa na Rubya kule Ukerewe. Ngumu ni mninga na mkongo, na mtiki kwa mwenye uwezo. Mwembe na mgrevelia hupatikana pia, tena kwa bei ya jirani anayekata mti wake. Mwembe una rangi nzuri ajabu, lakini usipoutibu mapema wadudu watautoboa.

Mbao zote hizi hupungua zikikauka na kutanuka zikipata unyevu, na hufanya hivyo kwa upana. Kwa urefu mabadiliko ni madogo mno, seremala huyapuuza. Kwa upana unaofuata duara za mti, mbao hupungua karibu mara mbili ya upana unaotoka kwenye kiini kwenda kwenye gome. Ndiyo maana ubao uliokatwa pembeni mwa gogo hujikunja kama kigae. Ubao wa paini wa inchi 8 ulionunuliwa mbichi unaweza kupoteza milimita 5 au zaidi kabla haujatulia. Sasa fikiria ubao huo umepigiliwa misumari kingo zote mbili. Hauna pa kwenda, kwa hiyo unapasuka katikati.

Kando ya ziwa hali hii ina msimu wake. Mvua za Oktoba hadi Desemba na zile za Machi hadi Mei huleta unyevu, halafu kiangazi cha Juni hadi Septemba kinaunyonya. Droo iliyokuwa inateleza vizuri Agosti hukwama Aprili. Mninga husifiwa kwa sababu hucheza kidogo sana kuliko mbao nyingi, na sifa hiyo ni ya kweli. Kama unatengeneza kitu chenye milango na droo na mfuko unaruhusu, hapo ndipo pa kuutumia, kuliko kuumalizia kwenye matendegu ya kitanda ambako paini nene iliyokauka ingetosha.

Kujua kama mbao imekauka hakuhitaji kifaa cha gharama. Kata kipande, kiweke kwenye mizani ya jikoni, andika gramu zake, kipime tena kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, mbao imekubaliana na hewa ya mahali pale. Wakati huo mbao zenyewe zilale kivulini juu ya magogo, kila safu ikitenganishwa na nyingine kwa fito nyembamba zilizopangwa kila baada ya futi mbili, fito ya juu ikiwa juu ya ya chini. Vichwa vya mbao, zile ncha zilizokatwa kwa msumeno, vipake rangi yoyote ya mafuta iliyobaki nyumbani. Vichwani ndiko maji hutoka haraka na ndiko mipasuko huanzia.

Gundi inashika wapi

Hapa ndipo penye ufunguo wa ulinganisho wote, kwa hiyo tukae kidogo.

Mbao ni nyuzi ndefu zilizolala upande mmoja. Ukipaka gundi nyeupe ya mbao kwenye ubavu na kuukutanisha na ubavu mwingine, nyuzi zikiwa sambamba, ukaubana vizuri, mshono ule utakuwa na nguvu kuliko mbao yenyewe. Ukija kuuvunja, utavunjika pembeni ya mshono. Lakini ukipaka gundi kwenye kichwa cha mbao, pale msumeno ulipokata nyuzi, gundi hunyonywa ndani na mshono hubaki mkavu na dhaifu.

Tatizo ni kwamba karibu kila kona ya fanicha inakutanisha kichwa cha mbao moja na ubavu wa nyingine. Mguu na fremu, rafu na ubao wa pembeni, mfumbati na tendegu: kote ni kichwa kwa ubavu. Viungo vingi ambavyo mafundi wamevibuni ni majibu ya swali hilo moja, namna ya kupata ubavu kwa ubavu mahali ambapo kiasili hapapo. Ulimi unaoingia ndani ya tundu una mashavu mawili mapana ya ubavu. Doweli ni ubavu mdogo wa mviringo. Nusu kwa nusu inalaza ubavu juu ya ubavu. Msumari na skrubu haviitegemei gundi, vinabana kwa chuma. Ukiuliza kiungo fulani kinakupa ubavu kiasi gani, umeshakipima nusu.

Msumari na skrubu

Msumari ni wa haraka na wa bei ya chini, na mtu anayejua kazi yake haudharau. Unahimili vizuri mzigo unaojaribu kuteleza mbao moja juu ya nyingine. Haupendi kuvutwa kwa kufuata urefu wake, na ukipigiliwa kwenye kichwa cha mbao unashika kidogo sana, kwa kuwa umeingia katikati ya nyuzi badala ya kuzikatiza.

Mtu anaweza kuuliza: mbona mitumbwi ya mbao inayoegeshwa pale Mwaloni Kirumba imejengwa kwa misumari, mianya ikazibwa kwa pamba, na inabeba wavuvi na shehena ya dagaa? Jibu ni kwamba mtumbwi uko majini. Mbao zake zimenywa maji, zimevimba, na zinaung'ang'ania msumari. Misumari yake mingi inapita kwenye ubao na kuzama kwenye taruma, zile mbavu za ndani za mtumbwi, inakatiza nyuzi. Meza yako iko sebuleni, inakauka mwaka hadi mwaka, na msumari uliopigiliwa kwenye mbao mbichi hulegea mbao inapopungua kuuzunguka. Kilichofaa ziwani kinafanya kazi kinyume ndani ya nyumba.

Kwa hiyo msumari nauweka kwenye kasha la nyanya, mgongo wa kabati, banda la kuku, na kubana kitu wakati gundi inakauka. Uwe na urefu wa karibu mara tatu ya unene wa ubao wa juu. Pigilia kwa mshazari, mmoja ukielekea kushoto na mwingine kulia, ili visivutike pamoja. Karibu na kichwa cha ubao, geuza msumari na uuponde ncha kidogo kwa nyundo kabla ya kuupigilia: ncha butu inasagasaga nyuzi inakopita, ncha kali inazitenga na kuzipasua.

Skrubu inashika zaidi ya msumari, inavuta mbao mbili zikutane bila klampu, na unaweza kuifungua. Hilo la mwisho ni kubwa kwa mtu anayepanga. Kitanda kisichofunguka hakitoki kwenye mlango wa chumba, na hakipandi ngazi za nyumba za mlimani.

Shida ya skrubu iko dukani. Ukiuliza skrubu za mbao, mara nyingi utapewa zile nyeusi nyembamba za kufungia jipsamu. Ni ngumu lakini zinakatika kama kijiti, na kwenye mninga au mkongo kichwa kitabaki mkononi na mwili utabaki ndani ya mbao. Omba skrubu za mbao zenyewe au za chipbodi, za njano au nyeupe, zenye mwili mnene zaidi. Toboa matundu mawili ya saizi mbili. Kwenye ubao wa juu tundu liwe pana, skrubu ipite bila kushika. Kwenye ubao wa chini liwe jembamba, sawa na kiini cha skrubu bila meno yake. Bila hivyo meno yanashika mbao zote mbili kwa pamoja na mwanya uliopo kati yake unabaki hapo hapo. Kwa mbao ngumu, pitisha meno kwenye kipande cha sabuni. Ukitaka skrubu za shaba kwa ajili ya uzuri, ingiza kwanza ya chuma ya saizi hiyo hiyo, itoe, ndipo uweke ya shaba, maana shaba ni laini na itakukatikia.

Kwenye kichwa cha mbao skrubu nayo hupoteza nguvu nyingi. Ukilazimika, kuna dawa. Toboa tundu la kukatiza mbao karibu na kichwa, ingiza kijiti kigumu kwa gundi, kisha skrubu yako ikiingia kutoka kichwani itakutana na kijiti na kung'ata ubavu wake. Ni kazi ya dakika chache na inabadilisha kiungo kabisa.

Skrubu ya mshazari ni ndugu wa karibu. Kuna kifaa kinachoongoza drili itoboe kwa mshazari wa digrii 15 hivi kutoka upande wa ndani wa ubao, skrubu inajificha humo na kutokea kwenye kichwa. Kwa ubao wa milimita 19 hutumika skrubu ya milimita 32. Faida yake ni kasi: fremu ya mbele ya kabati la jikoni inakamilika mchana mmoja, na gundi inakaukia ndani huku kazi ikiendelea. Sipendi kuiona kwenye kiti. Kiti kinasukumwa mbele na nyuma kila siku, na skrubu mbili zilizoingia kwa mshazari kwenye ubao mwembamba zitapanua matundu yake taratibu hadi kiti kianze kulia.

Doweli dhidi ya tundu na ulimi

Huu ndio ulinganisho wenye uzito, kwa sababu viungo hivi viwili vinagombea kazi zile zile: viti, meza, milango, stuli.

Doweli ni kijiti cha mviringo kinachoingia nusu huku na nusu kule. Zana zake ni drili au keekee, biti moja na gundi. Kipenyo kiwe kati ya theluthi na nusu ya unene wa mbao, kina cha milimita 25 hadi 30 kila upande, na tundu lizidi kidogo, kama milimita 2, gundi ipate pa kukaa. Zisipungue mbili kwa kila kiungo, la sivyo mbao itazunguka. Kijiti kiwe na mifereji ya urefu; ukikosa cha dukani, kibane kwa meno ya koleo kukizunguka. Kijiti laini kabisa kinasukuma gundi chini na kufungia hewa ndani, na mbao hupasuka ukigonga. Halafu kiwe kikavu kuliko mbao unayoiunga, ili kikinywa maji ya gundi kivimbe na kujibana.

Ugumu wake ni mmoja tu, lakini ni mkubwa: matundu ya pande mbili lazima yatazamane sawasawa. Tundu moja likikosea milimita moja kiungo hakifungi. Njia ya mtu asiye na kifaa cha kuongozea ni kupigilia vimisumari vidogo kwenye alama za upande mmoja, kuvikata vichwa kwa koleo vibaki vincha, kisha kuukandamiza upande wa pili juu yake. Vincha vinaacha alama mahali penyewe hasa. Ving'oe, toboa kwenye alama za pande zote mbili.

Tundu na ulimi kinataka patasi kali, msumeno wenye meno madogo, skwea na uvumilivu. Ulimi uwe theluthi ya unene wa mbao. Mbao ya inchi mbili ikishapigwa randa inabaki kama milimita 45, basi ulimi ni milimita 15. Anza na tundu siku zote. Toboa mstari wa matundu kwa biti iliyo nyembamba kidogo kuliko tundu lenyewe, halafu safisha kuta kwa patasi. Ndipo ukate ulimi kwa kuufuata. Ulimi hupunguzwa kirahisi, tundu likishapanuka halirudi. Ulimi unaofaa unaingia kwa kusukumwa na mkono na kugongwa kidogo mwishoni, na ukiinua mbao juu chini haudondoki. Ukihitaji nyundo nzito, utapasua mguu. Ukiingia wenyewe, gundi haitaziba pengo, kwa sababu gundi nyeupe ikiwa nene haina nguvu.

Kwa nguvu, ulimi unashinda, na sababu tumeshaiona. Mashavu yake yana eneo kubwa la ubavu. Doweli ndani ya mguu inagusa ubavu kwa pande mbili za mzunguko wake tu, pande nyingine mbili inagusa nyuzi zilizokatwa. Mabega ya ulimi nayo yanaegemea uso wa mguu na kuzuia kuyumba, kiungo kinabaki mraba hata mtu mzito akiegemea nyuma.

Lakini nguvu peke yake haitoshi kuamua. Stuli ya kukalia jikoni, yenye fito za chini zinazofunga miguu yote minne, haipati mateso ya kiti chenye mgongo, kwa hiyo doweli mbili za milimita 10 kila kona zitaishi miaka. Meza ndogo ya sebuleni vivyo hivyo. Kiti cha kulia chakula, benchi la barazani ambalo watu watano wanakaa na kusogea, na mlango wa nje, hivyo vinastahili ulimi, na sioni sababu ya kubana muda hapo.

Kuna namna moja ya tundu na ulimi ninayoipendekeza kwa nguvu kwa mtu wa nyumbani, ile ya kufungwa kwa pini. Inahitaji drili tu zaidi ya zana ulizo nazo, na inakuondolea tatizo la kukosa klampu. Toboa tundu la milimita 8 kupita kwenye kuta za tundu la mguu ulimi ukiwa nje. Ingiza ulimi, bonyeza ncha ya biti kupitia tundu lile iache alama kwenye shavu la ulimi, kisha utoe. Alama hiyo isogeze kuelekea bega, milimita 1 kwa mbao ngumu, 1.5 hadi 2 kwa paini, na utoboe hapo. Chonga pini ya mninga au mkongo, ncha yake iwe nyembamba, paka gundi, rudisha ulimi, gonga pini. Kwa kuwa matundu hayajakaa sawa, pini inalazimika kuuvuta ulimi ndani na mabega yanajibana kwenye mguu huku unaona. Kiungo hiki kitashika hata gundi ikizeeka na kuachia.

Milango ya mninga inayotengenezwa mjini hapa mara nyingi hutumia ulimi unaotokeza upande wa pili na kufungwa kwa kabari. Ni wazo lile lile. Mlangoni kumbuka kitu kimoja zaidi: ubao mpana wa katikati ukae kwenye mfereji bila gundi yoyote, uweze kupumua mvua na kiangazi. Anayeupaka gundi ili ubane anauandalia mpasuko.

Nusu kwa nusu

Kila mbao inapunguzwa nusu ya unene, zinalala moja juu ya nyingine. Msumeno na patasi vinatosha, gundi inapata uwanja mpana, na makosa yanaonekana mapema. Naamini hiki ndicho kiungo kinachofaa zaidi kwa anayeanza, kuliko hata doweli. Kinafaa kwenye fremu ya kioo, fremu ya wavu wa mbu dirishani, miguu ya meza iliyopishana kwa herufi X, na fremu ya chini ya kitanda. Kiishie kwenye mbao zisizozidi inchi 3 au 4 kwa upana, maana nyuzi zinapishana na mbao pana zitavutana zikikauka. Kichwa cha mbao kitaonekana kwenye kona. Anayeona ni kasoro achague kingine.

Mkia wa njiwa

Hapa ncha ya ubao mmoja hukatwa meno yenye umbo la mkia wa njiwa, yakaingia kwenye mapengo ya ubao wa pili. Ni kiungo kizuri kuliko vyote kukitazama, na kina kazi yake halisi: uso wa droo. Kila ukivuta droo unajaribu kuung'oa uso wake, na mikia ile iliyopanuka mwishoni hairuhusu. Mteremko wake huwa 1 kwa 6 kwenye mbao laini na 1 kwa 8 kwenye ngumu. Kwa droo nzito ya zana, au kasha litakalobebwa kwa kushikwa pembeni, kikate. Kwa droo ya vitambaa na vijiko, kata ngazi kwenye ncha ya ubao wa uso, ubao wa pembeni uingie humo kwa gundi, kisha pigilia vijiti viwili au vitatu vya mbao kutoka pembeni. Jioni moja imeisha kazi.

Kwa kazi hii, kiungo hiki

Kitanda cha tano kwa sita kina makundi mawili ya viungo na yasichanganywe. Kichwa cha kitanda na miguu yake ni tundu na ulimi, vigundishwe moja kwa moja. Mifumbati inapokutana na matendegu ni bolti na nati, ili kitanda kifunguke siku ya kuhama, na doweli moja kavu isiyo na gundi pembeni ya bolti kuzuia mfumbati kuzunguka. Chaga zikae juu ya fito iliyogundishwa na kufungwa skrubu kwenye ubavu wa mfumbati. Hapo skrubu haibebi yenyewe tu, gundi ya ubavu kwa ubavu inabeba zaidi.

Rafu ya vitabu inabebeshwa uzito wa kushuka. Kata mfereji wenye kina cha theluthi ya unene wa ubao wa pembeni, rafu iingie humo, na vitabu vitaegemea mbao. Doweli ni chaguo la pili. Rafu iliyoshikwa na misumari peke yake kutoka pembeni itainama kwenye ncha kabla haijainama katikati.

Uso wa meza usigundishwe kwenye fremu. Ufunge kwa skrubu zinazopita kwenye matundu marefu yaliyokatwa kwa kufuata upana, skrubu iweze kusogea na mbao. Mbao za uso zenyewe zigundishwe ubavu kwa ubavu. Doweli katikati yake hazihitajiki kwa nguvu, zinasaidia tu mbao zisipishane wakati wa kubana.

Kwa MDF na chipbodi, zile bodi za kiwandani za unga au vipande vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi, sahau tundu na ulimi. Hazina nyuzi ndefu za kushika. Doweli pamoja na skrubu nene za chipbodi, zilizotobolewa kwanza, ndizo zinafaa, na kabati lisimamishwe kwenye miguu ya mbao au plastiki kwa sababu sakafu ikipigwa deki maji yatapanda na kingo zitavimba.

Kubana bila klampu

Gundi nyeupe katika joto letu hukupa kama dakika 5 hadi 10 kabla haijaanza kushika, kwa hiyo panga kila kitu kikavu kwanza, funga, fungua, ndipo upake. Acha imebanwa angalau saa moja na usiipe mzigo kabla ya saa 24. Kwa vitu vya jikoni, bafuni au barazani tafuta chupa iliyoandikwa D3, inavumilia unyevu zaidi ya ya kawaida. Kwa mtiki, piga msasa au randa siku hiyo hiyo ya kugundisha, maana mafuta yake hupanda juu na gundi ikakataa.

Klampu ndefu ni ghali, lakini vipande vya tyubu ya baiskeli vilivyozungushwa na kuvutwa sana vinabana fremu vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Kwa kiti, zungusha kamba ya katani mara mbili, ingiza kijiti katikati na ukisokote hadi kamba iwe ngumu, kisha kizuie kijiti kwenye fremu. Katani inafaa kuliko nailoni, ambayo inanyumbuka na kulegea taratibu. Pima ulalo wa fremu, kutoka kona hadi kona ya mkabala, kwa pande zote mbili kwa futi kamba wakati gundi ingali mbichi. Vipimo vikilingana, fremu ni mraba.

Na kabla ya kugundisha fanicha yenyewe, tengeneza kiungo kimoja cha majaribio kwa mabaki ya mbao zile zile na gundi ile ile. Kesho yake kibane kwenye meza na ukivunje kwa nyundo, halafu angalia palipovunjika. Ukiona nyuzi zimechanika na vipande vya mbao vimebaki vimeng'ang'ania upande wa pili, endelea na kazi. Ukiona uso umeachia msafi, unang'aa kwa gundi, basi ama mbao ingali mbichi, ama hukubana vya kutosha, ama uso ulikuwa na mafuta au vumbi, na hilo litatuliwe kwanza.